Imani wakati wa shida: mwongozo kwa aliyechoka kuomba

Siku ya tatu baada ya kumzika mume wangu tulianua matanga. Vijana wakabeba viti vya plastiki kuvirudisha kwa mwenye kukodisha, turubai likakunjwa, masufuria makubwa yakarudi kwa kina mama wa jumuiya, na wageni wa mwisho wakapanda basi la alfajiri kurudi mkoani. Kwa siku hizo tatu nyumba ilikuwa imejaa nyimbo na maombi. Usiku wa nne nilikaa jikoni peke yangu, nikaanza kusali Baba Yetu, nikafika "mapenzi yako yatimizwe", nikashindwa kuendelea. Nilikuwa mzee wa kanisa kwa miaka sita. Nyumba nyingi za msiba nilishaingia na Biblia mkononi. Usiku ule, maneno niliyokuwa nikiwapa wengine hayakunifaa hata moja.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu aliye jikoni usiku wa nne. Pengine kwako si msiba. Ni barua ya kupunguzwa kazini, majibu ya vipimo, ndoa iliyokatika, mkopo wa kausha damu, au mtoto ambaye hujui amelala wapi. Siahidi kwamba ukifuata hatua hizi shida itaondoka. Yangu haikuondoka, niliishi nayo. Nilimtafuta Mungu katika ishara kubwa nikatoka mikono mitupu, nikaja kumpata mahali padogo kabisa: kwenye sahani ya chakula, kwenye zaburi ya mistari sita, kwa watu wawili waliokaa nami bila kuhubiri. Nimezipanga hatua hizi kwa namna nilivyozipitia.

Hatua ya kwanza: kula, kisha lala

Fungua 1 Wafalme sura ya 19. Nabii Elia ametoka kushinda juu ya mlima Karmeli, na siku chache baadaye yuko jangwani chini ya mretemu anaomba afe: "Yatosha, sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu." Tazama Mungu anavyomjibu mtumishi wake aliyekata tamaa. Hamkemei kwa kukosa imani wala hamkumbushi ushindi wa Karmeli. Anamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Elia anakula, analala tena. Malaika anamwamsha mara ya pili, anamwambia ale, kwa kuwa safari ni kubwa mno kwake. Mazungumzo yanakuja baadaye, huko Horebu, baada ya mwendo wa siku arobaini.

Mimi malaika wangu alikuwa bibi mmoja wa jumuiya yetu. Alikuja wiki ya pili, watu walipokuwa wameacha kuja. Nikamwambia, "Shikamoo bibi." Akasema, "Marahaba, mwanangu. Umekula?" Sikuwa nimekula tangu jana yake mchana. Akaingia jikoni mwenyewe, akakoroga uji, akakaa hadi nikamaliza bakuli. Hakufungua Biblia siku ile.

Kwa hiyo anza hapa. Panga milo miwili kwa siku, hata kama mmoja ni uji na mwingine ni ugali na mboga ya jana. Kunywa maji. Weka saa moja ya kulala na uishike, simu ikiwa chumba kingine, kwa sababu saa nane ya usiku simu haina habari njema. Kama una watoto, waambie ndugu wamchukue mmoja au wawili kwa siku chache. Wakiuliza wakusaidie nini, hilo ndilo jibu.

Na usifunge. Najua utaambiwa ufunge kavu siku tatu ili "mlango ufunguke". Mfungo ni jambo jema kwa mtu mwenye afya, aliyeuchagua kwa moyo mtulivu. Mtu ambaye tayari hali wala halali kwa huzuni ameshafunga bila kutaka, na mwili wake unahitaji malaika mwenye mkate. Hasa kama unanyonyesha, una kisukari, au unameza dawa za kila siku.

Hatua ya pili: azima maneno

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapokwama. Tumefundishwa kwamba maombi ni kusema maneno mazuri kwa imani, na maneno mazuri yakikauka tunadhani imani imekwisha. Kumbe Biblia yenyewe imeandaa maneno ya mtu aliyekauka.

Zaburi ziko 150, na karibu theluthi yake ni za kilio. Nimekulia kanisani na sikumbuki kuzisikia zikisomwa kwa wingi huo. Tunapenda zaburi za shangwe, na kwaya zetu hupenda kufunga na haleluya. Lakini waliozikusanya zaburi hawakuona aibu kumwimbia Mungu malalamiko mbele ya watu. Yesu mwenyewe msalabani, alipobanwa hadi mwisho, alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Aliazima. Nawe azima.

Chukua daftari la kawaida na kalamu. Fungua Zaburi 13. Ina mistari sita tu. Isome kwa sauti ya kusikika masikioni mwako, maana moyo uliochoka hupitwa na kinachosomwa kimyakimya. Kisha itazame ilivyojengwa. Mistari miwili ya kwanza ni kilio, na neno "hata lini" linarudi mara nne: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Mstari wa tatu na wa nne ni ombi: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Mistari miwili ya mwisho ni tumaini.

Sasa andika yako kwa mpangilio huohuo. Kilio kwanza, na kiwe cha kweli, chenye majina na saa. "Hata lini nitaamka saa tisa usiku kuhesabu madeni? Hata lini mwanangu ataulizia ada nami nigeuze mazungumzo?" Usipambe. Kama una hasira na Mungu, mwandikie hasira. Hatapata habari mpya, na wewe utakuwa umeacha kumdanganya. Kisha ombi, tena dogo, la wiki hii: usingizi wa usiku mmoja, kibarua cha siku tatu, nguvu ya kwenda kuonana na daktari siku ya Alhamisi. Kuna sababu ya kuliweka dogo. Ombi la "nifungulie milango yote" hutajua lini limejibiwa, ila usingizi wa usiku mmoja utaujua asubuhi.

Sehemu ya tatu, ya tumaini, usiilazimishe. Kama huna la kuandika, acha nusu ukurasa mtupu na uandike tarehe. Mimi nusu ukurasa wangu ulikaa mtupu miezi mitano. Ukiona aibu, soma Zaburi 88. Inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu na inaishia gizani: "Mpenzi na rafiki umewatenga nami, nao wanijuao wamo gizani." Hakuna mstari wa faraja baada ya hapo. Waliokusanya Maandiko hawakuiongezea mwisho mzuri wala hawakuiondoa, nami nilipolitambua hilo nililia kwa mara ya kwanza kilio kilichonipa nafuu. Kumbe mtu anaweza kuwa gizani na bado awe anazungumza na Mungu, na maneno yake yakawekwa ndani ya Biblia.

Zaburi nyingine utazihitaji kulingana na siku. Usipopata usingizi, ya 4. Ukisalitiwa na rafiki au ndugu wa karibu, ya 55. Ukiona wadhulumaji wananenepa, ya 37. Ukiwa umekosea wewe mwenyewe na unajua, ya 51. Nafsi ikiinama bila sababu unayoweza kuieleza, ya 42. Ukitoka nyumbani kwenda mahali unapopaogopa, mahakamani au chumba cha vipimo, ya 121. Kariri mistari miwili ya kwanza, uiseme ukiwa ndani ya daladala. Ukilia sana, ya 56, inayomwomba Mungu ayatie machozi yetu katika chupa yake.

Soma moja kwa siku, asubuhi, kwa muda wa chai kupoa. Wiki mbili za kwanza rudia zilezile tatu au nne. Kama lugha ya Union Version, ile ya mwaka 1952, inakupa shida, isome pamoja na Habari Njema. Mimi Union ndiyo iliyonishika kwa sababu ndiyo aliyosoma mama yangu. Na Mkatoliki asiyeweza hata kusoma, ashike rozari yake tu. Paulo anaandika katika Warumi 8:26 kwamba Roho hutuombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa". Kuugua nako kunahesabiwa.

Kuna jambo la historia ambalo hunipa nguvu kila nikishika Biblia ya Kiswahili. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huohuo mkewe Rosina alifariki baada ya kujifungua, na siku chache baadaye kichanga chao cha kike kikafuata. Wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Mwaka huo, akiwa mjane wa miezi, ndipo alipokuwa akihangaika kuyatia Maandiko katika Kiswahili. Kazi ya kuileta Biblia katika lugha yetu iliota mizizi ndani ya nyumba ya msiba.

Kama hujawahi kuamini, au uliacha siku nyingi

Huhitaji kusubiri uwe mtu wa kanisa ndipo uanze. Hatua hizo mbili ni zako pia. Ongeza Injili ya Marko: ina sura 16, hivyo sura moja kwa siku utaimaliza katika siku 16. Utakutana sura ya 9 na baba mwenye mtoto mgonjwa anayemwambia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Sentensi hiyo inatosha kuwa sala yako yote kwa mwaka mzima. Yesu hakumrudisha nyumbani akaongeze imani. Mtoto aliponywa siku ileile.

Ukimaliza Marko, nenda ibada moja katika kanisa lililo karibu, ukae nyuma, utoke. Ukirudi mara ya tatu, mwambie mchungaji, padri au katekista kwamba unataka kujifunza. Yapo mafundisho ya wanaojiandaa kwa ubatizo na kwa kurudi kundini, na hakuna haraka.

Hatua ya tatu: acha kujishitaki

Shida ikija, swali la kwanza huwa ni "nimemkosea nani?" Na wapo wa kukujibu. Watakwambia ni dhambi iliyofichika, ni laana ya ukoo, ni zaka ambayo hukutoa. Rafiki zake Ayubu walifanya vizuri siku saba za mwanzo, walipokaa naye chini mavumbini bila kusema neno. Waliharibu walipofungua midomo kueleza sababu, na mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia wao.

Yesu aliulizwa swali hilohilo. Katika Yohana sura ya 9, juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, alisema si yeye aliyetenda dhambi wala wazazi wake. Katika Luka 13 akautaja mnara wa Siloamu uliowaangukia watu 18 wakafa, akauliza kama mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu. Akajibu: sivyo.

Andika mistari hiyo miwili kwenye ukurasa wa mbele wa daftari lako. Atakayekuja kukutafutia dhambi, msomee.

Ikiwa lipo kosa unalolijua kwa jina, kwa mfano ulikopa kwa siri au uligusa fedha isiyo yako, hilo ni jambo jingine, na lina njia fupi: litubu, liungame kwa padri au mchungaji, umrudie uliyemkosea. Kosa halisi lina jina na tarehe. Hatia isiyo na jina, ile inayokwambia tu kwamba wewe ni mbaya, usiipe kiti.

Hatua ya nne: tafuta watu wawili

Wawili wanatosha. Kanisa zima halitabeba siri yako, na hupaswi kulitaka libebe.

Chagua mmoja aliyewahi kupita shida kama yako, na mmoja anayejua kunyamaza. Huyu wa pili ndiye mgumu kumpata. Njia yangu ya kumtambua ni kumsikiliza anavyozungumza habari za watu wengine. Akikuletea siri za jirani leo, kesho atapeleka zako. Ukimpata, mwambie wazi unachotaka, kwa sababu watu hawajui: "Dada, sitaki ushauri leo, nataka ukae na mimi na unisomee Zaburi ya 130." Au: "Mchungaji, naomba nusu saa Jumanne, nina mambo matatu nimeyaandika." Ukienda kwa kiongozi na karatasi hutapotea katikati ya kilio, naye atajua pa kukushika.

Jumuiya, ile inayokutana nyumba kwa nyumba kila wiki, usiikimbie. Najua kinachokukimbiza. Ni mchango ambao huna, au nguo, au macho ya watu. Mwambie mwenyekiti mapema kwamba mwezi huu mchango huna. Atakaposoma orodha ataliruka jina lako, na kama hana busara hiyo mwombe mzee wa kanisa azungumze naye. Nenda ukae tu. Yako majuma ambayo mimi sikuimba hata ubeti mmoja, nilibebwa na sauti za wengine.

Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Rwanda na Uganda kati ya miaka ya 1920 na 1930 ukafika Bukoba, Kenya na kwingineko, ulienea kwa vikundi vidogo vya namna hii: watu wachache waliokutana kila wiki na kusemezana ukweli, wakaita "kutembea katika nuru". Nimewafahamu wazee wa kizazi kile. Walikuwa na kasoro zao, na wengine waliungama mbele za watu mambo ambayo yangebaki kwa mtu mmoja. Lakini hawakujua kujifanya wazima, na sisi wa leo tunakufa kwa kujifanya wazima.

Hatua ya tano: unapotakiwa kuamua

Shida haingoji upone ndipo ilete maamuzi. Wiki ya pili ya msiba wangu shemeji alikuja na mnunuzi wa kiwanja, fedha taslimu, "kabla bei haijashuka". Nilitaka kukubali ili tu mtu aache kuniuliza maswali.

Ignasi wa Loyola, askari aliyevunjwa mguu na mzinga huko Pamplona mwaka 1521 na kumgeukia Mungu akiwa kitandani, aliacha kanuni moja ambayo naiona ya dhahabu: wakati wa ukiwa wa roho, usibadilishe uamuzi uliofanya ulipokuwa mtulivu. Basi kuuza, kuhama, kuoa au kuolewa, kuacha kazi, kuacha ndoa, kuyasogeza mbele ndiyo kanuni. Isipokuwa kama unapigwa au maisha yako yako hatarini. Hapo ondoka leo, nenda mahali salama, maombi utayaendeleza ukiwa huko.

Kwa yale yasiyoweza kungoja, fanya hivi.

Andika swali lako kwa sentensi moja. "Nifanyeje na maisha yangu?" si swali, ni kilio, lirudishe hatua ya pili. "Niuze kiwanja mwezi huu au ningoje mirathi ikamilike?" ni swali.

Omba hekima kwa maneno ya Yakobo 1:5, asubuhi na jioni, kwa wiki moja. Kila jioni andika mstari mmoja tu: leo naegemea wapi, na moyo ulikuwaje nilipoegemea huko, umetulia au una papara. Usitafute sauti wala ndoto. Mwisho wa wiki soma mistari saba kwa pamoja. Mara nyingi mwelekeo unaonekana.

Wakati huohuo muulize anayejua. Kwangu mimi uongozi wa Mungu ulikuja kwa mdomo wa msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Tanzania ya mwaka 2017, aliyenieleza kwamba kikao cha ukoo kinapendekeza msimamizi wa mirathi, muhtasari wake unapelekwa Mahakama ya Mwanzo, na kabla ya hapo hakuna mtu mwenye haki ya kuuza kiwanja kile. Mithali 11:14 inasema kwa wingi wa washauri huja wokovu. Mshauri wa mambo ya fedha awe anajua fedha, na wa ugonjwa awe anajua ugonjwa. Mchungaji wako si wakili, na aliye mwema atakwambia hivyo mwenyewe.

Kisha chukua hatua moja, ile ambayo ukikosea unaweza kurudi. Zaburi 119 inalifananisha neno la Mungu na taa ya miguu. Fikiria koroboi: inakuonyesha jiwe lililo mbele ya kidole chako, na ukisogea, nayo inasogea.

Hatua ya sita: pima kila sauti

Mtu mwenye shida ni soko. Nasema kwa uchungu kwa sababu nimeona wajane wakiuza cherehani ili walipie "mbegu", na vijana wakiacha dawa kwa neno la mtu mwenye kipaza sauti.

Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana uwanjani wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa na magonjwa, madeni, ndoa zenye matatizo, watoto wasiopata kazi. Walikuwa sisi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba wakijinyima chakula hadi kufa watakutana na Yesu. Kati yao walikuwamo watoto. Kila nikikumbuka habari hiyo narudi kwa malaika wa Elia na mkate wake.

Sauti inayokudai fedha kabla ya kukuombea, iache. Katika Matendo sura ya 8, Simoni aliyekuwa mchawi alitaka kununua kipawa cha Mungu, Petro akamwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Sauti inayokukataza hospitali au kukutupisha vidonge vya shinikizo la damu, vya kisukari au vya kufubaza virusi, ikimbie, hata kama inataja jina la Yesu kila sentensi. Sauti inayokutenga na ndugu zako wote na kukutaka umsikilize mtu mmoja tu, ondoka mikononi mwake mapema, kabla hujamzoea. Na inayokutajia mchawi, ikikwambia ni bibi yako au jirani, hiyo inaua. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa maneno ya namna hiyo.

Sauti ya kweli haiogopi kuchunguzwa. Watu wa Beroya, Matendo 17:11, walimsikiliza Paulo mwenyewe, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo, na wanasifiwa kwa hilo. Mwombe muda anayekutabiria: "Nashukuru, mtumishi, nitalitafakari na wazee wangu kwa wiki mbili." Mwangalie uso. Mtu wa Mungu atakuruhusu.

Hatua ya saba: hospitali nayo ni jibu la maombi

Huzuni ya msiba huja kama mawimbi. Katikati yake kuna dakika za kucheka, na polepole dakika hizo huongezeka. Lakini zikipita wiki kadhaa hulali, huli, huwezi kuoga wala kufanya kazi, huhisi chochote hata ukiona watoto, hiyo yaweza kuwa sonona, nayo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Kama unawaza kujiua, usingoje wiki wala siku: mwambie mmoja wa wale watu wawili leo, akusindikize hospitali leo, na usilale peke yako usiku huu. Tanzania tunayo hospitali ya afya ya akili ya Mirembe, Dodoma, na hospitali nyingi za mkoa zina wahudumu wa afya ya akili. Anza na kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa.

Yakobo 5:14 inataka wazee wa kanisa waitwe wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta, na Wakatoliki wanayo sakramenti ya mpako wa wagonjwa. Waite. Wakimaliza, meza dawa mbele yao. Luka, aliyetuandikia Injili, Paulo anamwita tabibu mpendwa.

Hatua ya nane: siku zinazorudi

Shida ina kalenda. Siku ya kuzaliwa ya marehemu, Krismasi ya kwanza, Januari ya ada, tarehe uliyopewa barua ya kazi. Ziandike zote mwishoni mwa daftari, na kila moja ipangie mambo mawili kabla haijafika: zaburi utakayosoma na mtu utakayekuwa naye. Siku ya mwaka mmoja mimi nilipanga kwenda kaburini na dada yangu kupalilia. Tulipalilia, tukala mihogo tuliyobeba, tukasoma Zaburi 90, tukarudi. Sikuikwepa siku ile, wala haikunikuta peke yangu.

Pitia pia yale maombi madogo ya kila wiki. Weka alama palipojibiwa. Pasipojibiwa usifute, Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, haukuondolewa, akaambiwa "Neema yangu yakutosha", akaandika yote mawili, ombi na jibu ambalo hakulitaka. Na ule ukurasa uliouacha nusu mtupu, ufungue mara kwa mara. Mimi nilijaza wangu asubuhi moja ya kawaida, mvua ikinyesha, baada ya kugundua nimeimba wakati nikiosha vyombo. Niliandika mstari mmoja kutoka Maombolezo sura ya 3, kwamba rehema zake ni mpya kila siku asubuhi, na tarehe pembeni.

Lililobaki ni kwenda kwa mwingine, na huhitaji kupona kabisa kwanza. Usiende siku za matanga, siku hizo watu wapo. Hesabu wiki mbili baada ya viti kurudishwa. Beba unga kilo moja na maharage uliyokwisha kuyachemsha. Biblia iache kwenye mkoba. Akikuitikia salamu, muulize kama amekula.